Jinsi ya Kuanzisha Sajili, Hifadhi ya Sampuli na Mafunzo ya Pamoja ya Utafiti wa Magonjwa ya Viungo, Tabora na Kigoma

Mwongozo huu ni wa madaktari, matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wanaotaka kuyachunguza magonjwa ya viungo kwa kushirikiana: sajili moja ya wagonjwa, hifadhi moja ya sampuli, mafunzo ya aina moja. Tumechukua mfano wa hospitali tatu, tuseme moja Tabora mjini, moja Igunga na moja Kigoma. Zikiwa mbili au tano, hatua hazibadiliki.

Wengi huanza kwa kutafuta fedha za friza. Tunashauri friza ije mwisho. Hospitali tatu zisipopima kwa namna moja, sampuli zao haziwezi kuunganishwa katika swali moja, hata zikihifadhiwa vizuri kiasi gani. Ndiyo maana hatua mbili za mwanzo zinahitaji kalamu, karatasi na subira, basi.

Hatua ya 1: Kubalianeni maana ya maneno

Mgonjwa wa Urambo au Kasulu akisema ana "baridi yabisi", huenda ana goti lililochakaa kwa umri, jongo la kidole gumba cha mguu, kiuno kilichochoka kwa jembe, au ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vidogo vya mikono. Tena kuna homa ya baridi yabisi ya watoto, inayofuata maambukizi ya koo, ikahama kutoka kiungo kikubwa hadi kingine na kuharibu vali za moyo. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye viungo vinavyouma kwa kuhama asisubiri sajili yenu. Moyo wake usikilizwe siku hiyohiyo na apewe rufaa ya kipimo cha moyo.

Kwa hiyo kwenye fomu msiandike jina la mtaani. Tumieni namba: 1 baridi yabisi ya kinga ya mwili, 2 jongo, 3 kuchakaa kwa viungo, 4 lupasi (ugonjwa wa kinga unaogusa viungo vingi vya mwili), 5 ugonjwa wa uti wa mgongo na nyonga wa vijana, 6 kiungo kilichovimba bado hakijajulikana. Namba 6 isionewe haya. Mwaka wa kwanza itakuwa na watu wengi, na ni afadhali iwe hivyo kuliko kulazimisha.

Kwa namba 1, tumieni vigezo vya mwaka 2010 vya ACR na EULAR (vyama vya wataalamu wa magonjwa ya viungo vya Marekani na Ulaya). Kwanza awe na angalau kiungo 1 kilichovimba kweli bila sababu nyingine inayoeleza vizuri zaidi. Halafu hesabu alama: viungo 0 hadi 5, vipimo vya RF na anti-CCP (kingamwili zinazoashiria ugonjwa huu) 0 hadi 3, ESR au CRP (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini) iliyopanda 1, kuumwa kwa wiki 6 au zaidi 1. Akifika 6 kati ya 10 anaingia. Kiungo kikubwa kimoja hakina alama. Viungo vidogo 4 hadi 10 vina alama 3. Zaidi ya 10, kimojawapo kikiwa kidogo, vina 5.

Yale maneno "bila sababu nyingine" ndiyo yanayosahaulika, na mikoa hii ina sababu nyingine nyingi. Muulizeni kila mgonjwa, na jibu liandikwe hata kama ni hapana: kikohozi cha wiki 2, kupungua uzito na jasho la usiku (kifua kikuu huingia kwenye goti, nyonga na uti wa mgongo), maziwa mabichi au kuzalisha mifugo (brusela, hasa kwa wafugaji wa Igunga, Nzega na Uvinza), siko seli kwake au kwa ndugu, usaha sehemu za siri (kisonono), hali ya VVU, homa kali ya karibuni iliyoacha viungo vikiuma. Virusi vya chikungunya vilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 kusini mwa nchi yetu, na jina lenyewe ni la Kimakonde, likimaanisha kinachokunja mtu. Maumivu yake huweza kudumu miezi na kufanana sana na namba 1.

Swali moja zaidi, na liulizwe kwa upole: "Umetumia vidonge gani vya maumivu mwezi huu, hata vya duka la dawa, hata visivyo na jina?" Ndani ya vidonge hivyo mara nyingi imo steroidi, yaani prednisolone au dexamethasone. Dawa hizo hushusha uvimbe na CRP, mwenye ugonjwa mkali akaonekana ana nafuu. Mwambieni aje na pakiti. Msimkatishe dawa ghafla kwa ajili ya utafiti. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiachishwa ghafla anaweza kuanguka.

Hatua ya 2: Vibali na ridhaa

Andikeni andiko moja la utafiti kwa hospitali zote tatu. Maandiko matatu yanayofanana huzaa masharti matatu yasiyofanana. Kibali cha maadili hutoka kwa kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kisha barua hushuka kwa ngazi: Katibu Tawala wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi. Mikoa ni miwili, kwa hiyo msururu huu unapitiwa mara mbili; anzeni pande zote kwa pamoja. Mtafiti wa nje akiwamo, kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kinahitajika, na sampuli zikitoka nje ya nchi lazima uwepo mkataba wa kuhamisha sampuli. Mshirika asiyetaka kusaini mkataba huo asipewe hata tone. Taarifa za wagonjwa nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili chepesi, na mwenye kuisoma aweze kuieleza kwa Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha bila kutafuta maneno. Muwe na maswali manne yenye visanduku vyake, mgonjwa aweze kukubali hili na kukataa lile: kupimwa leo, damu kutunzwa kwa tafiti za baadaye, vinasaba kuchunguzwa, sampuli kupelekwa nje. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, damu yao inakwenda wapi. Jibu liwe la kuonekana: mililita 10 ni vijiko viwili vya chai, inatunzwa kwenye friza za Tabora na Kigoma, ukibadili nia, tunaitoa na kuiharibu.

Hatua ya 3: Mafunzo ya mikono

Hapa ndipo wiki nzima itumike. Kiwango cha DAS28, kinachopima ukali wa ugonjwa namba 1, kinahesabu viungo 28: mabega 2, viwiko 2, vifundo vya mikono 2, vifundo vya ngumi 10, vifundo vya katikati ya vidole 10 (kwa kidole gumba ni kile kifundo chake kimoja), magoti 2. Miguu haimo. Vifundo vilivyo karibu na kucha havimo. Vile vinundu vigumu vya hapo kwa wazee ni vya kuchakaa.

Kubonyeza kuna kipimo chake: bonyeza kwa dole gumba mpaka ukucha wako uanze kuwa mweupe, usizidishe. Anayebonyeza kwa nguvu ya kukanda unga atapata maumivu kila mahali. Kwa uvimbe, tafuta ulaini unaobonyea kati ya vidole viwili, kama ndani kuna maji. Mfupa uliotanuka ni mgumu, huo usihesabiwe. Goti la mtu mnene hudanganya, kwa hiyo lalisha mguu, sukuma maji kutoka juu ya pia ya goti kwa mkono mmoja na ubonyeze pia kwa mwingine.

Zoezi lenyewe liende hivi. Waiteni wagonjwa 6, wapeni nauli na chakula, na wapangeni ili wawili wasiwe na uvimbe wowote. Wapimaji wapite mmoja mmoja bila kuzungumza, kila mmoja na karatasi yake, dakika 8 kwa mgonjwa. Asizidi wapimaji 5 kwa siku, maana kiungo kinachobonyezwa mara nyingi huanza kuuma kwa sababu yenu. Mwisho kila mpimaji ana viungo 168, na hapo ndipo mnalinganisha.

Msiridhike na asilimia ya kukubaliana. Tuchukue wapimaji wawili: wote wameona maumivu kwenye viungo 20, wote wameona hakuna kwenye 130, na wametofautiana kwenye 18, tisa kila upande. Wamekubaliana viungo 150 kati ya 168, asilimia 89, na inapendeza kuisikia. Lakini viungo vingi havina kitu, kwa hiyo hata wakibahatisha wangekubaliana asilimia 71. Kipimo cha kapa huondoa bahati hiyo: (0.893 − 0.714) ÷ (1 − 0.714) = 0.62. Wamepita kwa shida. Wekeni mpaka wa 0.6 kwa maumivu, na mpimaji aliye chini yake arudie zoezi kabla ya kuandikisha mgonjwa. Uvimbe hutoa kapa ya chini zaidi ya maumivu, msivunjike moyo. Rudini kwenye vifundo vya ngumi, ndiko makosa yanakojaa. Zoezi lirudiwe kila miezi 6, na kila anapohamishwa mtumishi. Uhamisho ndio unaoua miradi mingi ya mikoani, kwa hiyo kila hospitali iwe na wapimaji 3 waliofuzu, asiwe mmoja.

Mafunzo mengine ni mafupi: siku 1 ya maadili na ridhaa, siku 1 ya fomu kwenye simu, siku 2 za maabara.

Kuhusu maswali ya uwezo wa mgonjwa: dodoso la HAQ, lililotoka Stanford mwaka 1980, lina maswali 20 na alama 0 hadi 3. Yamo maswali ya kufungua mlango wa gari na kufyonza vumbi kwa mashine. Kwa mama wa Sikonge yanayopima mikono kweli ni kukamua nguo, kusonga ugali, kushika jembe, kuchota maji. Na kwa magoti ni kuchuchumaa chooni na kusujudu. Msiyabadili kienyeji. Ombeni ruhusa ya wenye dodoso, tafsirini watu wawili, mwingine asiyeliona la asili alirudishe Kiingereza, kisha lijaribiwe kwa wagonjwa 30.

Hatua ya 4: Sajili

REDCap, programu ya kukusanya taarifa za utafiti, inatosha, na taasisi isiyo ya kibiashara huipata bila malipo kwa kusaini makubaliano. ODK na KoboToolbox nazo ni nzuri kwa kuanzia. Sharti ni moja: fomu ijazwe bila mtandao na itumwe mtandao ukirudi. Namba ya mgonjwa iwe fupi: herufi ya hospitali, namba tatu, na tarakimu ya mwisho ya kukagua kosa. Daftari linalounganisha namba na jina libaki hospitalini, kabatini, chini ya ufunguo. Lisiingie kwenye simu.

Vipimo viandikwe pamoja na kizio chake. Asidi ya yuriki ya 7 mg/dl ni sawa na takribani 416 µmol/l. Mashine mbili zikitoa vizio viwili na fomu isiulize, wagonjwa wa jongo watachanganyika bila mtu kugundua. Na kumbuka kwamba katikati ya shambulio la jongo, asidi hiyo huweza kuonekana ya kawaida. Irudiwe baada ya wiki 2 au zaidi.

Tarehe za kurudi zipangwe kwa kalenda ya watu. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua hawezi kuacha shamba kwenye mvua. Mvuvi wa dagaa wa Kigoma hufanya kazi usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Mpeni tarehe za mbalamwezi.

Hatua ya 5: Damu

Chukua mililita 5 kwenye chupa isiyo na dawa na 5 kwenye chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda).

ESR ifanyike hapohapo. Damu yake haisafiri. Kutoka chupa ya EDTA changanya sehemu 4 za damu na 1 ya sodiamu sitreti, jaza mrija wa Westergren hadi alama, usimamishe wima kabisa, soma baada ya dakika 60. Mrija ukiinama kidogo tu, hata nyuzi 3, jibu hupanda sana. Joto nalo hulipandisha: chumba kiwe kati ya nyuzi 18 na 25, na Oktoba ya Tabora haitoi hiyo bila kiyoyozi au kufanya kazi alfajiri. Upungufu wa damu pia hupandisha ESR, kwa hiyo wingi wa damu upimwe pamoja nayo. Mkiweza, tegemeeni CRP zaidi.

Chupa isiyo na dawa isimame wima dakika 30 hadi 60 igande. Ukiharakisha, nyuzi za mgando zitabaki kwenye seramu na kuziba pipeti. Kisha izungushwe kwenye sentrifuji dakika 10 kwa nguvu ya takribani 1,500 g, yaani mara 1,500 ya mvuto wa dunia. Maabara nyingi huandika mizunguko tu, na hilo ni kosa: mizunguko 3,000 kwa dakika kwenye mkono wa sentimita 15 hutoa 1,500 g, lakini kwenye mkono wa sentimita 10 hutoa 1,000 tu. Hesabu ni 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko × mizunguko. Ibandikeni jibu lake kwenye kila mashine.

Gawa seramu vichupa 4 vya mililita 0.5. Plazma ya EDTA kichupa 1, na ule utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu kichupa 1 kwa ajili ya vinasaba. Jumla 6. Kutoka kuchoma sindano hadi kutenganisha isizidi saa 2. Seramu yenye rangi ya waridi inaonyesha chembe nyekundu zimepasuka. Iandikwe hivyo, isifichwe.

RF chanya peke yake isiwafurahishe. Malaria, kifua kikuu, homa ya ini na kaswende huweza kuitoa kwa mtu asiye na ugonjwa wa viungo. Hata anti-CCP, iliyo makini zaidi, huonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa sababu hiyo andikisheni watu wazima 120 wasio na ugonjwa wa viungo kutoka vijiji vilevile, wasindikizaji wasio ndugu wa damu kwa mfano, na mpime seramu zao. Mpaka ulioandikwa kwenye boksi la kitendanishi uliwekwa kwa damu za watu wengine.

Hatua ya 6: Majimaji ya goti

Goti jekundu lenye homa ni dharura: majimaji yatolewe kabla ya dawa yoyote ya bakteria, yapelekwe kwa rangi ya Gram (inayoonyesha bakteria kwenye darubini) na kuoteshwa, kisha yanayobaki ndiyo ya utafiti. Seli nyeupe chini ya 2,000 kwa mikrolita huelekea kwenye kuchakaa. Zikizidi 50,000 chukulia ni usaha mpaka ithibitike vinginevyo.

Kwa fuwele (chembe ngumu ndani ya majimaji zinazotambulisha jongo) tumia chupa ya EDTA ya maji au heparini ya sodiamu. Heparini ya lithiamu na EDTA ya unga hutengeneza fuwele zake, na unga wa glavu pia hung'aa. Goti lililodungwa steroidi siku za karibuni hudanganya vivyo hivyo. Fuwele za jongo ni kama sindano, njano zikilala sambamba na mhimili wa kifidiaji (kipande cha darubini kinachozipa fuwele rangi), buluu zikikingama. Zile za kalsiamu ni fupi, na rangi zake ni kinyume. Darubini ya polaraizi, inayochuja mwanga ili fuwele zing'ae, ni ghali. Darubini ya kawaida yenye karatasi mbili za polaraizi, moja chini na moja juu ya slaidi, pamoja na utepe wa gundi unaoonyesha kama kifidiaji, hufanya kazi ya kufundishia. Ilinganishwe kwanza na slaidi ya jongo inayojulikana.

Hatua ya 7: Friza

Boksi la vichupa lina nafasi 81. Msiweke vichupa 6 vya mtu mmoja pamoja. Vitatu vibaki Tabora na vitatu Kigoma, ili friza moja ikifa msipoteze mtu mzima. Kwa vitatu, boksi hubeba watu 27; wagonjwa 200 ni maboksi 8 kila upande.

Friza ya nyuzi −80 ya kawaida hula takribani uniti 10 hadi 20 za umeme kwa siku. Zidisheni kwa siku 365, wekeni kwenye bajeti ya LUKU kabla ya kuipokea hata kama ni ya msaada. Iwe na stabilaiza, sentimita 15 kutoka ukutani, chumba chenye hewa, na king'ora kinachopiga simu za watu 3 joto likifika −65. Nafasi tupu zijazwe madumu ya maji yaliyoganda. Umeme ukikatika hushikilia ubaridi. Kama −80 haijapatikana, friza ya −20 ya mfuniko wa juu itafaa kwa miezi michache. Epukeni ile ya nyumbani isiyoota barafu, maana hujipasha joto yenyewe kila siku na sampuli huyeyuka kingo.

Lebo za karatasi hubanduka na wino wa kalamu ya kawaida hufutika. Nunueni lebo za ubaridi mkali, na namba iandikwe pia kwenye mfuniko.

Seramu isafiri badala ya damu nzima. Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400 kwa reli, na barafu kavu si kitu cha kutegemea huku. Kwa RF na anti-CCP seramu iende kwa nyuzi 2 hadi 8, ifike ndani ya saa 48. Tabaka tatu: kichupa, mfuko usiovuja wenye pamba ya kutosha kunyonya vyote, kisha boksi gumu lenye alama ya UN 3373 (ya sampuli za kibaiolojia). Pakiti za barafu zisigusane na vichupa. Kipimajoto kinachoweka kumbukumbu kisafiri humo, na anayepokea asaini saa na nyuzi.

Hatua ya 8: Nani anapewa nini

Kamati iwe ya watu 5: mmoja kwa kila hospitali, mtu wa maabara, na mgonjwa mmoja mwenye sauti kamili. Mwenyekiti azunguke kila mwaka. Ombi la sampuli lijibiwe ndani ya siku 21, kwa maandishi. Kichupa 1 cha seramu cha kila mtu kisitolewe kamwe bila kura ya wote 5. Aliyepokea sampuli arudishe matokeo yake kwenye sajili ndani ya mwaka, na majina ya waliopima wagonjwa yawemo kwenye makala, matabibu na wataalamu wa maabara wakiwamo. Hili liandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza. Likiachwa mpaka makala iwe tayari, ushirikiano huvunjikia hapo.

Kila robo mwaka toeni vichupa 5 kwa kubahatisha, mkaangalie kama vipo mahali sajili inaposema. Kimoja kikikosekana, simamisheni kuandikisha wagonjwa wapya katika hospitali hiyo mpaka kipatikane au sababu ijulikane.